Utani wa Wodini na Fomu ya Fidia

Mimi ni fundi cherehani wa Somanga na nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nimezipata mjini kwa wanasheria. Nilizaliwa nazo. Mteja akinijia siku ya sikukuu kudai gauni ambalo kitambaa chake kaleta jana yake, jirani zangu huanza kufunga madirisha. Lakini hasira hizo hupita, jioni nimeshasahau nimegombana na nani. Hizi nitakazozisimulia hazijapita, na zimetokana na karatasi moja.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, kwenye mashine ya kusaga mawe. Kuna mkanda mrefu wa mpira unaobeba kokoto kutoka kwenye mashine kwenda kwenye lundo, naye kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mkanda huo akitoa mawe makubwa yaliyopenya bila kusagika. Pale mkanda unapozunguka gurudumu palikuwa na kinga ya bati. Msimamizi aliamuru ivuliwe kwa sababu kokoto zilikuwa zikikwama ndani yake, na kila zikikwama lazima mashine izimwe. Alisema itarudishwa zikipungua kazi. Kazi hazikupungua.

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mkanda ukakamata glavu, na glavu ikauvuta mkono. Aliyekimbia kuzima mashine alikuwa mtani wake. Wote wawili walikuwa zamu moja. Kama si yule mtani, ungekwenda mkono mzima mpaka begani. Vilikwenda vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kiganja kikapasuka.

Nimesema mtani, na ni lazima nieleze, maana kesi yote imesimama hapo. Sisi ni Wamatumbi. Yule ni mtu wa kabila jingine, ambalo mababu zetu na mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kutukanana badala ya kuuana. Kabila lenyewe silitaji, wakisikia wamo humu watavimba vichwa. Mtani wako anaweza kuingia kwako akafunua chungu akala, akachukua jogoo akaondoka naye, akakwambia msibani kwamba marehemu amekukimbia wewe. Huruhusiwi kukasirika. Unatakiwa ujibu, tena ujibu kwa kuzidisha. Yeye akisema umeiba mbuzi, wewe unasema ndiyo, nimeiba, na ngozi nimemshonea mkeo gauni. Ukikana, ukaanza kujitetea, watu watakushangaa kwamba hukulelewa.

Siku tatu za kwanza hospitalini Kivinje mume wangu hakusema neno. Si kwamba alishindwa. Ukimpa uji anakunywa, ukimuuliza kitu anafumba macho. Alikuwa akiutazama ule mkono uliofungwa bandeji kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine alioachiwa autunze. Nilianza kuogopa kuliko nilivyoogopa damu.

Siku ya tatu mchana akaja afisa utumishi wa kampuni, mtu mzima, nadhifu, na katoni ya juisi na faili mkononi. Akanisalimu vizuri, akampa mgonjwa pole, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Alisema amekuja kumjulia hali na kujaza fomu kidogo ya kawaida. Hajamaliza hata kufungua faili, mtani akaingia, bado na vumbi la mawe kwenye nyusi.

Hakusalimu. Alisimama katikati ya wodi, akawageukia wagonjwa wengine.

"Jamani, huyu mnampa pole ya nini? Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Huyu alikuja kazini amelewa chakari. Kaona mkanda unatikisika, kadhani ni kiuno cha dada wa watu, kataka kukishika."

Wodi nzima ikacheka. Mzee mmoja aliyefungwa mguu juu alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

"Na tena kafanya makusudi," mtani akaendelea. "Mvivu toka kuzaliwa. Kasema bora vidole viende, mradi nilale kitanda cha serikali niletewe uji."

Hapo mume wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kweli kabisa," alisema, na sauti ilikuwa imekauka. "Nilichoka. Nikaona mkono wa kulia umefanya kazi miaka mingi, acha upumzike, wa kushoto nao upate ajira."

Basi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mtani kimoyomoyo, na nikatia langu kama inavyonipasa. Nikasema, "Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimfungia nje kwa ajili ya hiyo hiyo pombe, akalala na mbuzi." Mume wangu hajaonja pombe maishani mwake. Anaswali swala tano, na hata wodini pale, bila kusema neno, alikuwa akijigeuza kuelekea kibla. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na shaka tunafanya nini.

Afisa utumishi alicheka na yeye. Nilimwona mpaka gego. Na kalamu yake ilikuwa ikitembea. Niliiona ile kalamu, wala sikuuliza, nilidhani anajaza jina na umri. Alipomaliza alimwomba mume wangu aweke dole gumba la mkono wa kushoto, kwa vile wa kulia umefungwa, kuonyesha kwamba kampuni imekuja kumwona mgonjwa. Akaweka. Mimi nilimfuta wino kwa upande wa kanga yangu.

Tukarudi nyumbani. Kidonda kikawa kinafunga. Tulikuwa tunasubiri habari ya fidia, kwa sababu wafanyakazi wenzake walimwambia ipo, ni haki ya kila aumiaye kazini, na kwamba kampuni yenyewe ndiyo inayopeleka taarifa. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mtu aliyeishi kwa mikono, na mkono wenyewe ndio huo, asipopata matibabu yake na cha kumsaidia kila mwezi atafanya nini? Mashamba yetu ya korosho yanataka mikono miwili kama machimbo yanavyotaka.

Wiki ya saba dereva wa kampuni akaniletea barua dukani. Ilisema hivi, na naiandika neno kwa neno kwa sababu naijua kwa moyo. Kufuatia maelezo ya mhanga mwenyewe, ya mkewe, na ya shahidi aliyeshuhudia tukio, mwajiri amejiridhisha kwamba ajali husika haikutokana na kazi, bali ilisababishwa na ulevi pamoja na utovu wa nidhamu uliokithiri na wa makusudi. Taarifa hiyo imewasilishwa kwenye ofisi ya fidia kwa hatua zaidi.

Niliisoma mara nne nikiwa nimesimama. Nina elimu ya kidato cha nne, hakuna neno pale ambalo sijawahi kulisikia, lakini yakiwekwa pamoja yalikuwa yananipita. Nilichokielewa upesi ni yale matatu: mhanga mwenyewe, mkewe, shahidi. Mkewe ni mimi. Nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi ya mume wangu na mbuzi nikamtia.

Kuna mzee hapa kijijini aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla ya kustaafu. Namshonea kanzu. Nilifunga duka nikaenda kwake, barua mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Ukija na uso huo najua si kanzu."

Alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mimi siwezi kukaa kimya. Nilianza kumweleza kinga ya bati, msimamizi, jinsi alivyoamuru ivuliwe, na kwamba nataka yule msimamizi aandikwe, ashitakiwe, aone cha mtema kuni. Aliniacha nikamaliza.

"Hayo ya msimamizi yana njia yake, na ni ndefu," alisema. "Fidia haimtafuti mwenye kosa. Sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi hupotea. Fidia si sadaka na si adhabu. Inauliza mambo machache tu. Ulikuwa mfanyakazi wake? Uliumia kwa ajali? Ajali ilitokana na kazi, ukiwa kazini? Majibu yakiwa ndiyo, basi. Hata kama ulizubaa, hata kama ulikosea wewe, bado unastahili."

"Sasa shida iko wapi?"

Akaweka kidole juu ya yale maneno. "Shida ni hapa. Utovu wa nidhamu uliokithiri na wa makusudi. Kuzubaa si makusudi. Kukosea si makusudi. Lakini mtu akithibitika kwamba alijua, akataka, akafanya, au alikuja amelewa akavuruga kazi, hapo mlango unaweza kufungwa. Wameyachagua maneno haya wakijua ndiyo yenye kufuli."

Nilimwomba anieleze na mengine. Kukiri ni nini mbele ya sheria, nikaambiwa ni mtu kusema mwenyewe jambo linalomuumiza, na kwamba ndilo neno lenye uzito kuliko ya mashahidi kumi, kwa vile inadhaniwa hakuna mtu atakayejisemea uongo wa kujidhuru. Nikaambiwa mtegemezi ni mimi na watoto. Nikaambiwa ulemavu wa kudumu wa sehemu ni ule usiopona lakini haujammaliza mtu asiweze kazi yoyote. Niliandika yote nyuma ya ile barua, kwa herufi ndogo, mpaka nafasi ikaisha.

Halafu kikanijia kitu ambacho kilinichoma kuliko barua. Msimamizi aliyevua kinga, kosa lake halina mahali kwenye ile fomu. Kampuni iliyomwacha afanye hivyo, haina mahali. Mtu pekee ambaye kosa lake linatafutwa kwa tochi ni yule aliyekatika vidole. Nilimwambia mzee hivyo. Akavua miwani akaifuta.

"Haya maneno ya ulevi nani aliyasema?" akauliza.

Nikamweleza. Mtani, wodi, kiuno cha dada wa watu, mkono wa kushoto upate ajira. Yeye naye ni mtu wa huku. Nilitegemea atacheka, hata kidogo. Hakucheka.

"Barua ya kampuni si hukumu," alisema. "Anayeamua ni ofisi ya fidia kule Lindi, na una haki ya kupinga. Lakini lazima aliyeyasema ayaondoe yeye mwenyewe, kwa kiapo. Wewe ukisema ilikuwa utani, watasema mke anamtetea mumewe. Mtafute shahidi."

Kabla ya kumtafuta shahidi nilimtafuta afisa utumishi. Mzee alinikataza, sikumsikia. Nilimkuta ofisini kwake kwenye kontena pale machimboni, feni inapuliza.

"Wewe ulikuwepo," nilimwambia. "Ulicheka."

"Mama, mimi naandika ninachosikia."

"Ulisikia utani."

"Kwenye fomu yangu hakuna sehemu ya utani, mama. Kuna maelezo ya mhanga na maelezo ya shahidi."

Nchi hii hakuna mtu asiyejua utani. Msambaa anataniwa, Mnyamwezi anataniwa, na kwao yule bwana, popote alipotoka, walimlea nao. Sikubali kwamba hakuelewa. Angekuwa mgeni wa ng'ambo ningemsamehe. Alijua anachokisikia, akajua na kitakavyosomwa na mtu asiyekuwepo kikishaandikwa. Nilimwambia hivyo, na maneno mengine ambayo fundi wa nguo za heshima hatakiwi kuyajua, mpaka mlinzi akaja kunitoa.

Siku iliyofuata nikaenda Kikole, kwenye shamba la mtani. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, nilimkuta akipalilia mikorosho. Aliponiona alinyanyua jembe juu.

"Mke wa mlevi huyo. Umemchoka wa vidole saba, unatafuta mwenye kumi?"

Kwa desturi nilitakiwa nimjibu. Jibu nilikuwa nalo, hata leo nalikumbuka. Sikulitoa. Nilimtupia ile barua kifuani.

"Soma."

Alisoma akiwa amesimama, halafu akachuchumaa, halafu akakaa chini kabisa kwenye majani makavu. Si msomaji wa haraka, ilimchukua muda.

"Waliniita," alisema. "Wiki moja baada ya ile siku. Afisa akaniuliza, maneno haya uliyasema kule hospitali? Nikasema ndiyo, niliyasema. Mimi sijawahi kukana maneno yangu, shemeji. Akasema basi weka sahihi. Nikaweka. Alikuwa anacheka. Nilidhani tunacheka wote."

Ningepaswa niishie hapo. Mtu mwenye akili angeona uso wake na kuishia hapo. Mimi damu ilikuwa imeshachemka tangu kwenye kontena, na aliyenikera hasa nilikuwa nimemwacha nyuma kwenye feni yake. Nilimwambia yule mtani kwamba amemmaliza mwenzake. Nilimwambia ana mdomo wa shimo la taka. Nikamwambia bora asingekimbia kuzima ile mashine, angeacha mkono uende wote, angalau wasingesema ni ulevi.

Hilo la mwisho nalijutia. Hakuna siku limenitoka. Mtu aliyemuokoa mume wangu nilimwambia bora asingemuokoa, na nilimwambia kwa ukweli, si kwa utani, naye alijua tofauti.

Alikunja ile barua kwa kufuata mikunjo yake, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Lindi ni lini?" aliuliza.

"Lakini wewe bado umo kazini kwao."

"Nimekuuliza ni lini."

Tulikwenda watatu, Jumatatu, kwa basi la asubuhi. Mume wangu alikaa dirishani, mtani akakaa kiti cha mbele yetu, na kutoka Somanga mpaka Lindi hakugeuka nyuma hata mara moja. Mume wangu alinigusa kwa kiwiko akaniuliza ana nini. Nikasema labda hajalala. Sikumwambia niliyoyasema Kikole.

Aliyetupokea alikuwa mama mmoja, afisa wa fidia, mpole, mwenye sauti ya kutosha tu. Alikuwa na faili letu mezani. Alisoma maelezo yetu yote matatu kwa sauti, moja baada ya jingine, na niseme ukweli, yakisomwa na mtu mpole, kwenye chumba kisicho na mgonjwa wala mcheko, yalitisha. Mimi mwenyewe niliyeyasema ningemnyima yule mtu fidia.

Akamgeukia mtani. "Maneno haya uliyasema, baba?"

"Niliyasema."

"Ni ya kweli?"

"Ni utani."

"Naelewa. Hata kwetu upo. Lakini nina sahihi yako hapa, na hapo juu pameandikwa kwamba unathibitisha maelezo haya ni sahihi. Siwezi kuweka kwenye faili moja maelezo yanayosema alilewa na yanayosema hakulewa, halafu nikaamua kwa kukisia. Lazima uniambie yale ya kwanza ni nini. Ni ya kweli, au ni ya uongo?"

Mtani alitazama mezani. Huyu ni mtu anayeweza kukuambia mbele ya mkwe wako kwamba unanuka, na hajawahi hata siku moja kukudanganya bei ya gunia. Utani si ukweli, lakini kwetu hakuna mtu amewahi kuuita uongo. Nilitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijizuia.

"Andika uongo," alisema.

"Ulitoa maelezo ya uongo?"

"Nilitoa maelezo ya uongo. Huyu hanywi. Alikuwa anatoa jiwe. Kinga ya mkanda haikuwepo, na mimi ndiye niliyeifungua nati kwa amri ya msimamizi."

Mume wangu aligeuza shingo. Hilo la nati hatukulijua, si yeye wala mimi. Tulidhani aliifungua fundi wa mashine. Mtani alikuwa amekaa na jambo hilo moyoni tangu ile Jumanne, akaingia nalo wodini akichekesha watu.

Akapelekwa kwa wakili wa kuapisha, akashika msahafu, akaapa, akasaini. Tukarudi.

Sitaki kumvisha mtu sifa wala lawama zisizo zake. Ile ofisi ilifuatilia. Walikuja mpaka machimboni, wakaona mkanda, wakaongea na watu wa zamu. Ilichukua miezi, nikapiga simu mpaka sauti yangu wakaijua. Mwishowe barua ikaja, ikiwa na mstari niliouelewa bila kumuuliza mzee: ajali imekubaliwa kuwa imetokana na kazi. Ulevi haukutajwa. Makusudi hayakutajwa. Mume wangu akapata haki yake ya matibabu na ya ulemavu, na inakuja mpaka leo. Nililia dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Na kampuni je? Kinga ya bati ilirudishwa, na nati mpya. Msimamizi bado ni msimamizi. Afisa utumishi bado anaandika anachosikia. Aliyemwaga unga ni mtani. Walimwita kwenye kontena lile lile, wakamwekea mbele karatasi zake mbili, ile waliyomtaka aisaini na ile aliyoapa Lindi, wakamwambia amekiri mwenyewe kwamba alimpa mwajiri taarifa za uongo. Barua ya kuachishwa ikaandikwa siku hiyo hiyo. Uongo wanaouadhibu ni ule walioutengeneza wao, wakaupigia mstari, wakamshikisha kalamu. Nikilifikiria hilo mshono unakwenda kombo, nalazimika kuufumua nianze upya.

Mzee karani alimwambia hilo linapingika, kuna mahali pa kulalamika, na muda bado upo. Mimi nilijitolea nauli na kwenda naye. Alikataa.

"Nimeshaandikwa mara mbili," alisema. "Inatosha."

Alikaa muda mrefu bila kufika kwetu. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, nikasikia hodi. Nikadhani ni mgeni. Miaka yote huyu mtu hajawahi kubisha hodi kwetu, alikuwa akiingia kwa kuuliza wezi wa nyumba hii wako wapi. Alikuwa na mfuko wa mihogo. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Pole, ndugu yangu," alimwambia mume wangu. "Mkono unaendeleaje?"

Mume wangu akamtazama akisubiri. Hakikuja kitu. Akaamua kuanza yeye.

"Mkono haujambo, una wivu tu kusikia wewe umefukuzwa kwa uvivu. Umekuja kula kwangu, si ndiyo?"

"Sitakaa sana," alisema mtani. "Nilipita tu kukujulia hali. Samahani kama nimewakuta na shughuli."

Mume wangu akajaribu tena, akamtukana ukoo mzima, babu na bibi, kwa sauti ya kubembeleza kabisa. Mtani alitabasamu kidogo. Halafu akanigeukia mimi, akashusha sauti.

"Shemeji, haya anayoyasema hayaandikwi popote?"

Nikamwambia hapana, hayaandikwi. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, na bado utani hakuurudisha. Alikunywa chai, akashukuru, akaaga kwa adabu, na mume wangu akamsindikiza mpaka barabarani wakizungumza habari za mvua.

Aliporudi alikaa mlangoni, mgongo amenipa.

"Bora ningeikosa hiyo fidia," alisema.

Mimi ndiye niliyeipigania, na watoto walikuwa wameshakula siku hiyo, na kama ingerudi ile Jumatatu ningewapandisha tena wote wawili kwenye lile basi.